Elimu ya dharura za mionzi ifike hadi kwenye jumuiya

Ukitaja mafunzo ya dharura za mionzi hapa Kiboriloni, jambo la kwanza utakalopata ni kicheko. Mionzi ya nini tena? Sisi tuna soko, tuna migomba, tuna vijana wa bodaboda wanaovunjika miguu kwenye barabara ya Himo, na masika yakizidi tuna njia za mlimani zinazokatika. Mambo ya nyuklia ni ya Wajapani na Warusi. Wanaocheka hivyo si wajinga. Wanazipanga shida zao kwa jinsi zinavyowagonga. Hata hivyo tunaona hesabu yao imeacha kitu kimoja nje, na tungependa kukieleza kwa mafrateri wenzetu na kwa waamini wa parokia zetu, kwa sababu siku kitakapotokea hakitaanzia kwa wataalamu. Kitaanzia kwetu.

Tuseme kwanza tunachozungumzia. Si bomu, wala si mtambo wa kufua umeme. Ni kifaa ambacho ndani yake kuna kiasi kidogo cha madini yanayotoa mionzi usiku na mchana, kimefungiwa katika kasha zito la risasi, madini yale yale ya kwenye betri za magari. Vifaa vya namna hiyo vinafanya kazi njema nchini mwetu. Vinatibu saratani. Vinawasaidia mafundi kupiga picha ya maungio ya mabomba ili waone kama yamechomelewa vizuri, na wakandarasi wa barabara huvitumia kupima kama udongo umeshindiliwa vya kutosha. Wagonjwa wengi wa Kilimanjaro wameijua tiba ya mionzi kwa safari ndefu ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando kule Mwanza, hospitali iliyo chini ya Maaskofu wetu, nayo inaitoa. Kwa hiyo hatuna ugomvi na mionzi. Hofu yetu ni ile siku kifaa kinapoachwa, kinapoibwa au kinaposahaulika stoo, kisha kikaanza safari nyingine ambayo hakuna aliyeiandika kwenye daftari.

Nchi haijalala. Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, inayotoa leseni, inayokagua vituo vyenye vifaa hivi na kupima hata vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Makao makuu yake yako Dodoma, lakini ina maabara Njiro, Arusha. Kutoka Njiro hadi hapa ni mwendo wa saa mbili hivi, foleni ikiwa na huruma. Mikoa mingi ya Tanzania haina bahati hiyo. Basi swali letu si kama wataalamu wapo. Swali ni nani atawaita, na baada ya siku ngapi.

Katika mji wa Goiânia, Brazil, zilipita siku 16. Tunaomba msomaji atuvumilie tuisimulie habari hiyo kwa kirefu, maana ni somo ambalo sisi tunalipata bure na wengine walililipia kwa uhai.

Kliniki moja ya tiba ya mionzi ilihama jengo lake na kuacha nyuma mashine ya kutibu saratani, yenye sesiamu 137 ndani yake. Eneo lile lilikuwa na mgogoro mahakamani kati ya kliniki na mwenye eneo, na mwenye eneo alikuwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Hatulitaji hilo kwa kulaumu. Tunalitaja kwa sababu kila parokia yenye zahanati ya zamani, na kila shirika lenye stoo ambayo funguo zake hazijulikani ziko kwa nani, ingefaa kuisoma sentensi hiyo mara mbili. Tarehe 13 Septemba 1987 vijana wawili waokota vyuma waliingia humo, wakakifungua kichwa cha mashine na kukipeleka nyumbani kwa toroli. Siku hiyo hiyo wakaanza kutapika. Mmoja alipokwenda kutibiwa, ilidhaniwa ni chakula kimemdhuru. Wakaendelea kukigonga kile chuma hadi kikatoboka, kisha kikauzwa kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu.

Usiku, yule mwenye yadi akaona kitu kinang'aa rangi ya buluu. Akadhani ni cha thamani, au pengine cha maajabu. Akawaita ndugu na majirani waje waone, akawagawia vipande vidogo kama punje za mchele. Wako waliojipaka ule unga mwilini kama watu wanavyojipaka vitu vya kumetameta siku ya sherehe. Nduguye alichukua kidogo akaenda nacho nyumbani, na binti yake, Leide, mwenye miaka 6, akauchezea kisha akala chakula kwa mikono ile ile.

Aliyeifumbua habari hii hakuwa daktari. Alikuwa mke wa mwenye yadi. Aliona watu wa kwake wanaugua mmoja baada ya mwingine, akaunganisha ugonjwa na kile chuma, akayatia mabaki kwenye mfuko na kuyapeleka ofisi ya afya kwa basi la abiria. Wakati huo hospitali zilikwisha kuwapokea wagonjwa na kuwadhania kuwa na magonjwa ya nchi za joto. Kesho yake, tarehe 29, mwanafizikia mmoja aliyekuwa amekuja mjini kutembea aliazima kipimo cha kutafutia madini ya urani. Mshale ulipanda hadi mwisho akiwa bado mbali, akadhani kipimo ni kibovu, akarudi kuchukua kingine. Alipofika kwenye ile ofisi alikuta askari wa zimamoto wamekwisha kuitwa, nao walikuwa tayari kukichukua kile kitu wakakitupe mtoni. Akawazuia.

Hebu tulilete jambo hilo huku kwetu. Maji ya Mto Rau ndiyo yanayomwagilia mpunga wa Mabogini. Askari mwenye nia njema, aliyefundishwa kuzima moto na kuokoa watu waliotumbukia kisimani lakini hakufundishwa jambo hili moja, angeweza kuifanya ajali ya nyumba moja iwe ajali ya bonde zima, tena kwa kutaka kuwakinga watu.

Kule Goiânia watu zaidi ya 112,000 walipangwa foleni kwenye uwanja wa michezo wapimwe. Kati yao 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Wanne walifariki, wakiwamo yule mama aliyebeba mfuko na mtoto Leide, wote wawili tarehe 23 Oktoba. Nyumba zilibomolewa na udongo wa juu ukachotwa ukafungiwa kwenye mapipa.

Tukiisoma habari hiyo hatuoni nchi ya mbali. Kijana anayesukuma toroli la vyuma chakavu si kitu cha kumshangaza mtu hapa. Anafanya kazi halali, na wengi wao ni waamini wetu, hata kama Jumapili hukaa viti vya nyuma. Vyuma huuzwa kwa kilo. Kwa hiyo kitu kidogo lakini kizito kupita umbo lake, jambo ambalo kwa mwenye elimu ya mionzi ni onyo la kwanza, kwa kijana yule ni baraka ya siku. Na sote tumewahi kusikia hadithi za mekyuri ya mamilioni iliyofichwa ndani ya redio na cherehani za zamani. Watu waliokwisha kuandaliwa kwa hadithi kama hizo wakiona unga unaong'aa gizani hawatakimbia. Watamwita shemeji.

Tena tuko barabarani. Gari linalotoka Dar es Salaam au Tanga kwenda Arusha kwa njia ya Himo linapita hapa, na hatuwezi kujua kila kilichomo ndani. Tabia yetu mbele ya gari lililopinduka inajulikana. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Petroli ina harufu, na hata mtoto anajua kuwa inawaka. Mionzi haina harufu, haina rangi, haichomi papo hapo.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka, nusu ya hofu na nusu ya uzembe huondoka pamoja. Kuchomwa na mionzi na kuchafuliwa na mionzi ni vitu viwili. Aliyekaa karibu na moto wa jikoni amepata joto lake, lakini akitoka nje habebi moto, ukimsalimia hakuunguzi. Aliyeshika sufuria kwa nje ametoka na masizi mikononi, na masizi hayo yataenda kwenye nguo, kwenye kitasa cha mlango, kwenye shavu la mtoto. Aliyepigwa na mionzi ya kifaa kilichofungwa vizuri ni kama yule wa kwanza: anaweza kuwa mgonjwa sana, lakini hamuambukizi mtu. Aliyeshika unga wa kifaa kilichopasuka ni kama yule wa pili, na masizi yake huvuliwa na kuoshwa. Kumvua nguo za nje tu huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo. Kinachobaki ni maji ya vuguvugu na sabuni, bila kusugua hadi ngozi ichubuke, na zile nguo kufungwa kwenye mfuko na kuwekwa mbali na watu.

Mengine ya saa ya kwanza yanaweza kufundishwa kwa muda wa ibada moja. Usikiguse kitu usichokielewa, hasa kikiwa na ile alama ya panga tatu kama feni juu ya rangi ya njano. Alama hiyo watu wengi hawaijui, ndiyo maana mwaka 2007 ilitolewa nyingine ya ziada, nyekundu, yenye fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kujaribiwa kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo. Waondoe watu umbali wa mita 30 kuzunguka pande zote, na zaidi sana ikiwa kuna moto au kitu kimemwagika. Waliokuwepo wasitawanyike kwenda makwao kabla hawajaandikwa majina. Hakuna kula, kunywa wala kuvuta sigara hapo. Majeruhi anayevuja damu ahudumiwe kwanza, kwa sababu damu huua upesi kuliko mionzi. Wahudumu wakivaa glovu na barakoa kama kawaida yao, hatari kwao ni ndogo. Wasikimbilie kumeza vidonge vya iodini wala kulamba chumvi: dawa hiyo ni kwa iodini ya mionzi peke yake, na hutolewa kwa maelekezo. Kisha simu. Zimamoto 114, Wizara ya Afya 199, nao wawaite watu wa Tume.

Kwa wauguzi na matabibu wa zahanati zetu tunaongeza neno moja. Mgonjwa atakuja anatapika, ana kidonda kama cha kuungua wakati hajaguswa na moto, pengine nywele zinanyonyoka. Huku kwetu atapimwa malaria, kisha taifodi, kisha ataambiwa arudi wiki ijayo. Hatuwalaumu, asilimia kubwa ya wanaotapika Kiboriloni hawana uhusiano wowote na mionzi. Ila swali la kuongeza halihitaji mashine: unafanya kazi gani, umeshika nini siku hizi, na nani mwingine nyumbani anaumwa hivyo hivyo? Yule mama wa Goiânia alijiuliza swali la mwisho peke yake, na ndilo lililofungua kila kitu.

Sasa tuje kwa waseminari, maana wako watakaouliza Kanisa linahusikaje na atomu. Wakumbuke tu kwamba mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika uliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, chuo Katoliki ambacho gombera wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padre na mwanafizikia. (Baadaye vijiti viwili vya fueli ya mtambo huo viliibwa, na kimoja kilipatikana Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Hata vitu vya chuoni hutembea.) Lakini hoja yetu haitegemei historia hiyo. Inategemea mlango wa nyumba ya mapadre. Familia ambayo watu watatu wanaugua ugonjwa usio na jina, ngozi zinababuka na hospitali haioni kitu, itasema imerogwa. Itakwenda kwa mganga, au itamwita paroko aje aibariki nyumba. Paroko huyo, au katekista, au mwenyekiti wa jumuiya aliyekuja na rozari, anaweza kuwa mtu wa kwanza mwenye kusoma kuingia katika nyumba ile. Je, atajua kuuliza kile chuma kilichoko chini ya kitanda kimetoka wapi?

Ataombwa pia mpako wa wagonjwa. Frateri anayedhani mionzi ni kama ukoma wa hadithi za kale atasimama mlangoni, na yule asiyejua kitu ataingia mikono mitupu na kutoka na masizi. Wote wawili hawajasaidiwa. Mgonjwa akishavuliwa na kuoshwa, anafikika. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1000, zinamtaka mhudumu apake kwa mkono wake mwenyewe, ila panapokuwa na sababu nzito anaruhusiwa kutumia kifaa. Tulijifunza kuikumbuka kanuni hiyo wakati wa UVIKO. Inafaa ikae karibu.

Halafu kuna mazishi. Leide alizikwa katika jeneza zito lililowekewa risasi, na umati ulifika makaburini kumpinga mtoto wa miaka 6 asizikwe pale, ukarusha mawe. Watu wa Goiânia walikataliwa hotelini katika miji mingine, na bidhaa za jimbo lao zikasusiwa. Sisi Wachaga, ambao mtu wetu akifia Dar es Salaam tunamleta mlimani alale kwenye kihamba cha babu yake, tujiulize ukoo ungesema nini wataalamu wakitaka mwili uzikwe kwa namna nyingine, na majirani wangesema nini ukiletwa. Kumzika maiti ni tendo la huruma. Siku hiyo litahitaji padre anayeweza kusimama mbele ya watu wenye mawe mkononi na kuwaambia kwa maneno mepesi kwa nini kaburi lililoandaliwa na wataalamu halimdhuru mtu, na wamuamini kwa kuwa wanajua alifundishwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi kuliko kicheko ni hili: mkianza kuhubiri mionzi, watu wataogopa hata picha ya eksirei, na mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi atakataa tiba akidhani anaunguzwa. Tunalikubali kuwa ni hatari ya kweli. Ndiyo sababu mafunzo yafanywe na wanaojua, si na kila mwenye kipaza sauti. Wafundishe pia visivyo vya kuogopa. Mashine ya eksirei ikizimwa haina mionzi, ni chuma kama chuma kingine. Aliyepigwa picha harudi nyumbani na mionzi. Kinachodai uangalifu wa pekee ni vifaa vyenye madini ndani, kama vya kobalti au sesiamu, kwa sababu hivyo havina swichi; sesiamu 137 huchukua miaka 30 kupungua nusu tu.

Serikali inayo mahali pa kuanzia. Februari 2016 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani kukubali utayari wake wa afya upimwe na jopo la nje, katika maeneo 19, na dharura za mionzi lilikuwa mojawapo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Tunachoogopa ni karatasi kuishia kwenye kabati la ofisi ya kata, na mafunzo kuishia kwa wale wale wanaoitwa kila semina.

Pendekezo letu ni dogo. Jumamosi moja katika mwaka wa masomo, mchana, seminari imwalike mtaalamu wa mionzi na mtu wa zimamoto. Asubuhi iwe ya mafrateri, na baada ya chakula milango ifunguliwe kwa wauguzi wa zahanati zilizo jirani, viongozi wa jumuiya ndogondogo, WAWATA, mtendaji wa kata, na hasa wenye yadi za vyuma chakavu na vijana wao wa toroli. Hao wakalishwe viti vya mbele. Wasiitwe kwa barua ya muhuri inayowafanya wadhani wanatafutwa na polisi. Atumwe mtu anayewajua kwa majina. Waonyeshwe alama kwa macho yao, waelezwe kwamba anayetoa taarifa ya kitu alichokiokota hatakiwi kuonekana kama mwizi. Hilo la mwisho lizungumzwe na polisi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kijana akihofu kukamatwa atakitupa kile chuma usiku, na tutakuwa tumerudi kwenye mto. Gharama ni nauli, chai na karatasi za kubandika kwenye ukuta wa zahanati. Tumekwisha kuzungumza na baadhi ya wenye yadi hapa barabarani. Wawili waliuliza kama wanaweza kupewa ile picha ya alama nyekundu hata kabla ya semina.